Upande wa Pili wa Daraja: Faida na Hasara za Kuishi Garissa

Barua ya uhamisho ilimfikia baba mwishoni mwa 1995, na kabla ya jua kuzama majirani walishafika nyumbani kumpa pole. Si hongera, pole. Mmoja alileta kuku. Mama aliinjika sufuria kubwa ya chai, ile ya matanga, na nakumbuka mzee mmoja akimuuliza baba kwa sauti ya chini, kama unavyomsemesha mgonjwa: "Mwalimu, kwani ulimkosea nani?"

Baba alikuwa mkufunzi wa vyuo vya ualimu. Tulikuwa tunaishi Magharibi ya Kenya, kwenye mvua na miwa, na sasa alitakiwa aripoti Januari katika chuo cha ualimu cha Garissa. Usiku huo mama alikataa kulala mpaka jambo liandikwe. Basi baba akachukua karatasi ya kutahinia, akapiga mstari katikati, akaandika juu: Faida, Hasara. Upande wa hasara ulijaa upesi: joto, umbali, majambazi wa njiani, malaria, shule ya watoto. Upande wa faida aliandika marupurupu ya mazingira magumu, na nyumba ya chuo isiyo na kodi. Akafikiri kidogo akaongeza: utulivu. Mama akachukua kalamu akakata neno hilo.

Nilikuwa na miaka minane. Karatasi ile imekaa kwenye faili la baba hadi leo, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Kila ninapotaja kwamba nimekulia Garissa, mtu hunipa pole ileile ya 1995. Waandishi wenzangu hunipa pole. Hata dereva wa teksi aliwahi kunipa pole. Nimeanza kujiuliza: upande ule wa hasara, ni nani hasa aliyeujaza?

Ukiangalia ramani, mji uko kilomita zipatazo 370 mashariki mwa Nairobi. Unapita Thika, unapita Mwingi, halafu nchi inaanza kujivua nguo: kwanza migomba inaisha, kisha mahindi, kisha hata mibuyu inaanza kukaa mbalimbali kama watu waliogombana. Udongo unakuwa mwekundu, vichaka vinabaki miiba. Wataalamu huita nusu jangwa. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 400, na joto la mchana kupita nyuzi 35 si habari ya kumpigia mtu simu. Sisi tuliita jangwa tu, na sijaona sababu ya kuacha.

Basi letu lilipakia askari wawili wenye bunduki njiani. Tulipofika mto Tana, kabla ya daraja, abiria wote walishushwa. Kipande mkononi, mstari mmoja. Baba na mama walionyesha vyao wakarudi kukaa. Mzee wa Kisomali aliyeketi nyuma yetu, ambaye njia nzima alikuwa akinipa tende, alichukua muda mrefu zaidi. Aliulizwa maswali ambayo baba hakuulizwa. Aliporudi kitini alimwambia baba, bila hasira yoyote, "Karibu, mwalimu. Kenya umeiacha huko nyuma."

Baba alidhani ni mzaha. Baadaye tulizoea: mtu akisafiri kwenda Nairobi alisema anakwenda Kenya.

Huwezi kuielewa kauli hiyo bila kurudi nyuma, kwa hiyo niruhusu nirudi. Serikali ya kikoloni ilipoutazama upande huu iliona mpaka wa kulindwa, haikuona mahali pa kuishi watu. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902, na ile ya Wilaya Maalumu ya 1934, ziliwapa maofisa uwezo wa kufunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini: wageni kuingia kwa kibali, wenyeji kutembea kwa kibali, mifugo kulisha pale ilipoelekezwa. Shule hazikuwa sehemu ya hesabu. Ilipotafutwa sehemu ya kuwaficha wafungwa wa Mau Mau waliokuwa wakaidi kabisa, walipelekwa Hola, chini kidogo ya mto huuhuu, na huko ndiko wafungwa 11 walipopigwa hadi kufa mnamo Machi 1959. Maelezo ya kwanza ya serikali yalihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Yaani hata uongo ulitungwa kwa malighafi ya jangwa.

Mwaka 1962 tume iliyotumwa kuwauliza wenyeji ilikuta kwamba Wasomali walio wengi walitaka kujiunga na Somalia. Hawakusikilizwa. Uhuru ulipatikana Desemba 1963, na mwezi huohuo hali ya hatari ikatangazwa kaskazini mashariki. Vita vya Shifta vilidumu hadi 1967. Hali ya hatari yenyewe ilidumu hadi 1991. Hebu soma tena miaka hiyo. Mtoto wa Garissa aliyezaliwa siku ya uhuru alifika umri wa miaka 27 kabla ya kuishi siku moja chini ya sheria ileile iliyomlinda mtoto wa Nyeri au Kakamega.

Katikati ya hayo kuna Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika. Tulifundishwa shuleni kwamba ni waraka wa kujenga taifa. Ndani yake kuna hoja ambayo kwa mhasibu ni ya kawaida kabisa: fedha za maendeleo ziende kwanza pale penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na njia za usafiri, kwa sababu huko ndiko zitakakozaa haraka. Sehemu nyingine zitasaidiwa baadaye na matunda hayo. Sina hakika kama waandishi wa waraka ule walikuwa na nia mbaya. Lakini ukiisoma hoja hiyo ukiwa umesimama Garissa, unaona kwamba mvua iligeuzwa kipimo cha uraia. Asiyenyeshewa angoje.

Na kuna Novemba 1980, ambayo wazee wa mji huwa hawaielezi mpaka uwe umekaa nao sana. Maofisa wa serikali waliuawa mjini. Vikosi vya usalama vikalipiza kwa kuchoma mtaa wa Bulla Kartasi, na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi, wakawekwa hapo siku tatu juani bila chakula wala maji. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika kuhusu jambo hili katika ripoti yake ya 2013. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Mimi nilicheza mpira Garissa miaka mitano bila kuambiwa. Mama aliyetuuzia maziwa ndiye aliyenisimulia, nikiwa mtu mzima mwenye kinasa sauti mkononi, na akaniomba nikizime kwanza.

Hayo ndiyo majirani zetu wa Magharibi waliyokuwa wakiyapa pole, ingawa wao walidhani wanalipa pole joto.

Sasa nije kwenye faida, maana nimewachosha na hasara.

Kwanza, maji. Wengi hudhani Garissa haina maji. Mji umekaa ukingoni mwa mto mrefu kuliko yote nchini! Tana unatoka Mlima Kenya na safu za Aberdare, unafika kwetu ukiwa umebadilika rangi kuwa kama chai ya maziwa, mzito, umebeba udongo wa watu wengine. Kandokando yake kuna mashamba ya maembe, ndizi, matikiti na nyanya. Msimu wa maembe ulipofika tulikula hadi midomo ikachubuka. Kulikuwa na mamba, na kila mtoto alikuwa na hadithi ya binamu wa mtu aliyeliwa, na kila mtoto aliteremka mtoni vilevile.

Mto huo unateremka kupita Hola na Garsen, kisha unamwaga maji baharini Kipini, jirani na Ozi, ambako wenyeji watakuonyesha kaburi wanalosema ni la Fumo Liyongo. Wimbo wa taifa letu nao umejengwa juu ya sauti ya bembelezi ya Wapokomo, watu wa mto huohuo. Wapenzi wa fasihi ya Kiswahili tunaufahamu mwisho wa Tana, tumeusoma na kuuimba. Juu kidogo ya hapo tunanyamaza. Nimetafuta sana Garissa katika riwaya zetu, na ninapoikuta huwa ni mahali mhusika anapotishiwa kupelekwa.

Pili, usiku. Umeme wa mji siku hizo ulitoka kwenye jenereta za dizeli, na ulikatika bila kuaga. Ndani ya nyumba ya bati hakulaliki. Basi watu walitoa mikeka na vitanda vya kamba nje, mtaa mzima, na mtoto ulilala ukisikia wakubwa wakizungumza lugha tatu hadi usingizi ukuchukue. Nyota za Garissa sitazielezea, kila anayetoka jangwani huelezea nyota na hakuna anayeamini.

Tatu, daftari la deni. Mshahara wa walimu ulikuwa ukichelewa, wakati mwingine wiki tatu. Mwenye duka wa jirani alimwandikia baba unga, sukari na mafuta mpaka pesa zifike, na hakuwahi kuja mlangoni kudai. Mama alimuuliza siku moja kwa nini anamwamini mgeni. Akajibu, "Mwalimu ataenda wapi? Kuna daraja moja." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nafikiri ndiyo siku alipoanza kuupenda mji.

Tena kuna jambo dogo ambalo mji wa chuo hukufundisha bila somo. Sisi tulikuwa Wakristo wachache. Ramadhani tulikula ndani, madirisha yamefungwa, na hakuna aliyetuamuru. Jioni majirani walituletea sambusa na uji kama vile nasi tumefunga. Krismasi mama alipeleka chapati nyumba saba. Nilipofika sekondari upande ule mwingine wa nchi na kusikia wenzangu wakiuliza kama kweli Wasomali wana roho mbaya, nilikosa hata pa kuanzia.

Na baba alipata ule utulivu wake uliokatwa kwa kalamu. Hakukuwa na mahali pa kwenda. Wakufunzi walisoma. Maktaba ya chuo ilikuwa chumba kimoja chenye vitabu vilivyoliwa pembeni na mchwa, na baba alivisoma vyote, vingine mara mbili, hata kile cha ufugaji wa nyuki. Wanachuo walikuja nyumbani jioni kubishana naye juu ya sarufi. Mji mkubwa ungempa mambo mengine ya kufanya.

Hasara nazo zilikuwa za kweli, sitaki kupaka mafuta. Mwishoni mwa 1997 zilikuja mvua za El Niño, na jangwa likawa bahari. Barabara ilikatika, unga ukapanda bei, kisha mbuzi wakaanza kuharibu mimba na kufa kwa makundi. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa. Watu nao wakaanza kufa. Kwetu nyama ilikatika mezani, maziwa yakachemshwa mara mbili, na mimi nilijifunza kwamba mji unaoishi kwa soko la mifugo, soko kubwa kuliko mengi ya Afrika Mashariki, unaweza kunyamaza kabisa siku ya soko. Sauti ya ng'ombe wale wasiokuwepo ndiyo naikumbuka kuliko mafuriko. Miaka mitatu baadaye tuliondoka. Sababu ilikuwa ileile baba aliyoiandika mwisho upande wa hasara: shule ya watoto. Yeye, mkufunzi wa walimu, hakuona mwalimu wa kutosha wa kunifundisha mimi. Jambo hilo lilimuuma kuliko malaria.

Ndiyo maana mwaka 2011, niliposikia majengo ya chuo cha ualimu yanageuzwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, chini ya Chuo Kikuu cha Moi, nilimpigia simu baba kabla ya kumpigia mhariri. Ilikuwa taasisi ya kwanza ya umma ya kutoa masomo ya chuo kikuu eneo zima la kaskazini mashariki. Karibu miaka 50 baada ya uhuru, lakini ilifika.

Nilirudi Garissa 2013, kuripoti uchaguzi wa kwanza wa magavana. Mji ulikuwa umeshaanza kujipanga kuzunguka chuo. Wenye viwanja walijenga vyumba vya kupangisha, mlango baada ya mlango. Kulikuwa na mashine za fotokopi, vibanda vya chapati na maharage, kinyozi aliyejua mitindo ya Nairobi. Niliwakuta wanafunzi kutoka Kisii, Kitui, Bungoma, Kiambu, waliopangiwa chuo hicho na serikali, wengi wao wakiwa wamepewa pole na majirani kama sisi. Walilalamikia joto na maji ya chumvi ya bomba. Pia walikuwa wameshajua bei ya glasi ya maziwa ya ngamia, na kwamba yananuka moshi kwa sababu vyombo vyake hufukizwa. Nilifurahi kiasi cha kutojali. Niliandika kwamba kwa mara ya kwanza Kenya inavuka daraja yenyewe, kwa hiari, ikiwa na begi la vitabu. Sentensi hiyo ilinipendeza sana wakati huo.

Alhamisi, Aprili 2, 2015, kabla ya Pasaka. Saa kumi na moja na nusu alfajiri watu wanne wenye silaha wa al-Shabaab waliingia chuoni. Wengi mnajua yaliyofuata, na waliosahau hawanihitaji mimi niwasimulie mabweni. Waliuawa watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Wauaji waliwatenga vijana kwa dini. Kikosi maalumu cha kutoka Nairobi kilifika saa nyingi baadaye, na mambo yaliisha usiku ukiingia.

Asubuhi ile nilikuwa chumba cha habari. Mchoraji wa gazeti alinijia mbio, ameambiwa nimekulia mle ndani. Alitaka ramani: lango liko wapi, mabweni yako wapi. Nikachukua karatasi nikachora. Nilichora mwarobaini wa baba, nyumba ya mkufunzi wa muziki, tangi la maji tulilopanda tukichapwa. Mabweni yaliyokuwa kwenye taarifa sikuyajua yalipo. Yule mchoraji aliiangalia karatasi, akaniangalia, akasema taratibu, "Kaka, hii ni ya zamani." Akaondoka nayo hata hivyo.

Miili ilipelekwa chumba cha maiti cha Chiromo, Nairobi. Waliookoka waliletwa kwa mabasi hadi Uwanja wa Nyayo, na wazazi walikaa pale wakitazama kila mlango wa basi. Idadi iliyotangazwa kwanza ilikuwa 147, na watu wakaanza kuandika mitandaoni majina na picha, wakisema hao si nambari tu. Wiki hiyo nilitakiwa kuandika makala ya "mtu aliyeishi pale". Niliandika usiku mmoja. Niliandika jangwa, upweke, mpaka ulio wazi, mji uliosahauliwa. Ilisifiwa.

Siku tatu baadaye simu ililia. Ni yule mama wa maziwa, mtu amemsomea gazeti. Hakunisalimia kwa jina, aliniita kama zamani, mtoto wa mwalimu.

"Umetuandika kama watu wasio na mto," alisema.

Nikaanza kujitetea. Akanikata. Aliniambia waliovamia chuo wamemfungia yeye biashara, wameua mtoto aliyekuwa akimwandikia hesabu za maziwa, na sasa mimi nimemalizia kwa kuwaambia watu wasije tena. Sijawahi kupata uhakiki mkali kuliko huo, na nimehakikiwa na maprofesa.

Alikuwa amesema kweli. Maana kilichofuata baada ya 2015 ndicho kinachonifanya nisiamini tena orodha zetu za faida na hasara. Wanafunzi waliobaki walihamishiwa Eldoret. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na nilipoingia miezi michache baadaye kulikuwa na kituo cha polisi ndani ya ua, na wanafunzi wachache sana, karibu wote wa hapohapo. Vyumba vya kupangisha vilikuwa vitupu, milango imefungwa kwa waya. Mwaka 2017 chuo kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, na ni haki yake. Lakini upande wa shule za msingi na sekondari mambo yalikuwa yameanza kumomonyoka tangu Novemba 2014, basi lilipovamiwa Mandera na abiria, wakiwemo walimu, wakauawa. Walimu wasio wenyeji waliomba kuhamishwa, na siwalaumu. Walipoanza kurudi, Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, ndani ya kaunti ya Garissa, na wengine wakaondolewa tena. Ukimhesabia mwalimu wa Bungoma hasara za kukaa, ni halali. Lakini kuna mtoto wa darasa la saba ambaye kwake hasara ni kuondoka kwa mwalimu huyo, na hakuna aliyempa karatasi ya kuandika.

Kuna pia upande usiosemwa. Desemba 2015 basi lilivamiwa tena Mandera, na safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Naibu mwalimu mkuu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi kwa kukataa na akafa baadaye kwa majeraha. Filamu fupi ya *Watu Wote* ilitokana na kisa hicho. Mwalimu, tena! Kila hadithi ya upande huu ukiikuna unamkuta mwalimu.

Nilikwenda mara ya mwisho Novemba 2024. Nje ya mji kuna mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019, sahani juu ya sahani zikitazama lile jua tulilolilaani. Hilo ningeliandika upande wa faida bila kufikiri, ingawa mwenye duka aliniambia umeme bado unakatika na yeye haelewi unakwenda wapi. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalikuwa yamekata barabara upande wa Madogo, na Aprili iliyofuata mashua iliyokuwa ikivusha watu ikapinduka hapohapo. Daraja moja, kama alivyosema yule mzee wa daftari.

Chuoni nilikaguliwa mara mbili langoni. Mwarobaini wa baba haupo, pana maegesho. Jioni nilikaa kwenye kibanda cha chai nje ya ua, na pembeni yangu akaketi binti wa mwaka wa tatu, anasomea ualimu. Anatoka Busia. Aliposikia lafudhi yangu alianza kuzungumza kama tunayefahamiana. Wazazi wake walilia barua ya chuo ilipokuja. Mwaka wa kwanza alilala na viatu. Sasa ana wasichana wanne wa darasa la nane anaowafundisha hisabati Jumamosi, wawili hawana mwalimu wa hisabati kabisa shuleni kwao. Mmoja ana akili, alisema, "ya kutisha". Anawaza kuomba kazi hapahapa akimaliza. Mama yake hataki kusikia.

Nikamsimulia karatasi ya baba, na neno lililokatwa. Alicheka, kisha akaniuliza tulikaa miaka mingapi, nikasema mitano. Akauliza ilikuwaje tukaondoka, nikamwambia ni kwa ajili ya shule yangu. Akanyamaza akikoroga chai isiyo na sukari.

"Na wewe, kaka, ungekuwa mimi, ungekaa?"

Nilimwambia nina basi la saa moja asubuhi, inabidi nikalale mapema. Akasema hilo silo alilouliza.